Muulize Fundi: Mashine ya kukereza huvuta, na tena hurusha

Shikamoo fundi. Nina miaka 24, nipo Morogoro. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti ili patasi iuchonge, kwa vyuma vya pembe, mota ya pampu ya maji, puli mbili za ukubwa mmoja, na mkanda. Nakereza miguu ya meza na nguzo za ngazi. Wiki mbili zilizopita kipande cha mninga kilichomoka, kikapita karibu na sikio langu na kupasua dirisha la jirani. Tangu siku hiyo nikiwasha mashine mikono inatetemeka. Nimenunua glovu nene za ngozi. Zinatosha, au kuna kingine?
*Kijana fundi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla ya kufungua karakana. Mshukuru Mungu kwa inchi zile chache kati ya sikio lako na ule mninga. Na hizo glovu, nakuomba, zivue leo hii. Ukibeba magogo zivae. Mashine ikizunguka, mikono iwe mitupu.

Msumeno tunauogopa kwa sababu meno yake tunayaona. Mashine ya kukereza haina meno, basi kijana anaizoea haraka. Lakini hii huvuta, na tena hurusha.

Nilikuwa rika lako, kwenye karakana moja ya vitanda Dar es Salaam. Mwenzangu alikuwa akipaka polishi nguzo ya kitanda huku inazunguka. Alishika kipande cha kanga kuukuu, amekizungusha kwenye kidole cha shahada kisimponyoke. Uzi mmoja ukanasa kwenye ufa wa fundo. Sikusikia ukelele kwanza. Nilisikia mota ikibadili sauti, ikakoroma kidogo, kisha ikaendelea kama kawaida. Nilipogeuka, ile kanga ilikuwa imejifunga kwenye nguzo vizuri kabisa, kama bendeji, inazunguka na maua yake mekundu, na mwenzangu amesimama ameukumbatia mkono wake. Pingili ya mwisho ya kidole haikuwepo.

Ngozi ya glovu ni mbaya kuliko ile kanga, maana haichaniki. Kidole kitupu kikigusa mti unaozunguka kinachubuka na mkono unaruka nyuma wenyewe. Glovu ikinasa, mkono mzima unafuata. Kwa hiyo shati liwe la mikono mifupi, lichomekwe. Cheni, saa na waya za kusikilizia muziki vibaki mfukoni. Polishi paka kwa tishu, kwa sababu tishu ikivutwa inakatika na kidole kinabaki chako. Msasa usiuviringishe kwenye mti wala kwenye kidole. Na kabla ya kupiga msasa ondoa kabisa kile chuma cha kuegemezea patasi, kwani kidole kikiingia kati ya chuma na mti hakina pa kutokea.

Sasa kurusha. Babu yangu, Unguja, alikereza kwa uta na upote: mkono mmoja unavuta uta, mti unakwenda mbele na kurudi nyuma, patasi inakata mti unapokuja tu. Mkono ukisimama, mti umesimama. Mashine yako haikusubiri hivyo. Nenda kwenye mota ukasome kile kibati chake. Mota nyingi za pampu huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na kwa kuwa puli zako zinalingana, mti nao unazunguka 2,850. Ukifunga gogo la bakuli la inchi 10 hapo, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Hakuna dereva wa basi anayeruhusiwa mwendo huo.

Sisi wakerezaji tuna hesabu moja ya kuanzia: upana wa mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mti usio na mizani, au mkono mgeni, ukae karibu na 6,000 au hata pungufu ya hapo. Mguu wako wa meza ni mraba wa inchi 3, lakini kona hadi kona unapita inchi 4, na kona ndizo zinazopiga. Weka puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye kichwa cha mashine, yaani upande unaozungusha mti, utapata mizunguko kama 1,425. Huo ni mwendo wa kuanzia nguzo zako. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900, na kwa mota hiyo usilijaribu mpaka upate puli kubwa zaidi.

Ila mwendo peke yake haukuchomoa ule mninga. Nina shaka na mkia wa mashine, yaani upande unaokaza mwisho wa pili wa mti. Mashine za kuchomelewa mara nyingi zina ncha ya chuma isiyozunguka upande wa mkia. Mti unaisugua, unapata moto, unaungua na tundu linapanuka. Je, ulisikia harufu ya kuungua kabla haujaruka? Kama ndiyo, tumepata jibu. Toboa kitundu kidogo katikati, kitie grisi au nta ya mshumaa, kaza mkia, kereza dakika mbili tatu, zima, kisha kaza tena. Huko kukaza mara ya pili wengi hawakufanyi. Na kila kipande kigonge kwanza kwa nyundo ndogo: mti mzima unalia, wenye ufa unajibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Wa ufa usiufunge, hata kama mteja amekwisha kulipa.

Halafu nijibu hili: swichi yako iko wapi? Naona kwa vijana wengi iko ukutani nyuma ya mashine, hivyo kila ukiwasha unainama juu ya mti. Ihamishe. Mti ukitaka kuruka, mara nyingi huruka sekunde zile za kwanza. Zungusha kwa mkono kwanza uone haugusi popote, simama pembeni upande wa kichwa cha mashine, washa, hesabu hadi kumi, ndipo usogee. Umeme ukikatika, zima swichi kabla hujaenda kunywa chai. Umeme ukirudi ghafla usikukute umeegemea kupima mti kwa rula.

Patasi ikae kwenye egemeo kabla haijagusa mti, na pengo kati ya egemeo na mti lisizidi nusu ya unene wa penseli. Likiwa pana, mti unaichota ncha ya patasi kuelekea chini na mpini unakupiga kidevu. Kila mti unapopungua, zima, sogeza egemeo, endelea. Usoni vaa ngao ya plastiki inayofika chini ya kidevu. Miwani ya jua haikingi meno.

Mikono inayotetemeka usiilazimishe. Wiki hii kereza msonobari mlaini wa inchi 2, mwendo mdogo, kazi ya kutupa. Mninga utakusubiri.

Habari za kazi, fundi. Mwanangu amejifunza kukereza. Patasi anajitengenezea kwa kusaga tupa za zamani, anasema chuma cha tupa ni kigumu kuliko patasi za dukani. Mimi moyo hautulii.
*Mama wa fundi, Tanga*

Dada yangu, moyo wako umeona sawa. Tupa ni ngumu kweli, na ugumu huo ndio unaoifanya ikatike kama kioo. Patasi ya kukereza hupigwa na mti mara mamia kwa dakika, nayo imening'inia mbele ya egemeo. Tupa ikikatika hapo, kipande kinaruka na mkono uliokuwa unasukuma unaingia kwenye mti. Mwambie atumie bapa la springi ya gari, ambalo hujipinda kabla ya kuvunjika, na akilisaga alichovye kwenye maji mara kwa mara, maana likigeuka bluu limekwisha kuwa laini. Akipata pesa anunue patasi ya chuma cha haispidi, kile kisicholainika upesi kikipata moto, hata moja tu, yenye mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Na ile bobari pana, patasi yenye umbo la mfereji, ya kutolea kona za nguzo asiipeleke kwenye bakuli. Shina lake ndani ya mpini ni jembamba, linavunjika.

Asalaam aleikum fundi. Nafundisha useremala Kilifi. Tukikereza mvule, wanafunzi wanakohoa na kujikuna siku mbili. Nimewaambia wafunge leso puani. Je, inasaidia?
*Mwalimu wa ufundi, Kilifi*

Waaleikum salaam mwalimu. Leso inazuia maranda, vumbi laini linapita. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kifua, na mpingo nao una watu usiopatana nao. Zaidi ya kujikuna, tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Tafuta barakoa za vumbi zinazobana pembeni, hasa wakati wa msasa, maana msasa ndio unaotoa lile vumbi baya. Mashine iweke upande ulio wazi, upepo utoke mgongoni kwako na kulipeleka vumbi mbele. Kusi ikigeuka kaskazi, geuza na mashine. Sakafu nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Na mwanafunzi mmoja tu awe kwenye mashine. Wengine wasimame upande wa mkia, hatua nne, asiwepo hata mmoja mbele ya mti.