Maswali na majibu: Mtwara usijenge kitalu nyumba cha Njombe

Kaskazi imeanza, joto limerudi, na maswali ya vitalu nyumba kwa ajili ya akwaponiki (kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale) yamejaa kwenye simu yangu. Nimechagua saba. Mengi niliyoyaacha yanauliza lile lile la swali la kwanza, kwa hiyo wenye nayo wasome hapo.

Nataka kujenga kitalu nyumba cha mita 6 kwa 10 uani. Nailoni ya mikroni 200 inatosha, au nitafute nzito zaidi? – Msomaji, Shangani, Mtwara

Inatosha, mradi iwe nailoni ya vitalu yenye kinga ya jua. Ile ya kufunikia saruji inayouzwa kwa mita madukani, jua letu linaipasua kabla ya mwaka kuisha. Lakini hujaniuliza jambo kubwa zaidi: hiyo nailoni unaitakia nini?

Kitalu cha nailoni kilibuniwa na watu wa nchi za baridi ili kunasa joto. Mkulima wa Njombe au Lushoto usiku wa Julai kinamfaa. Sisi mchana wa kaskazi tuna nyuzi 30 na ushei kivulini, na unyevu wa bahari juu yake. Ukifunga nailoni paa na pande zote, umejenga tanuri. Joto likipita nyuzi 35 nyanya hudondosha maua. Saladi inakimbilia kutoa ua na majani yanakuwa machungu. Maji ya tangi nayo yakipata moto hubeba hewa kidogo, na hapo ndipo samaki anaihitaji zaidi. Nimeingia vitalu vya namna hiyo Mtwara na Lindi saa saba mchana: jasho linakutoka kabla hujafunga mlango, miche imelala kama mboga iliyokwisha kuchemshwa, na mwenyewe ananionyesha mchoro aliofuata. Mchoro wa nchi gani? Hapo hana jibu, na hela imeshatoka.

Kwa pwani yetu fanya hivi. Nailoni ikae paani tu, kwa ajili ya mvua za Desemba hadi Aprili. Pande zote nne weka neti ya wadudu. Kimo cha pembeni kisipungue mita 3, katikati kifike mita 4 na nusu, na juu kabisa uache mwanya wa kutolea joto urefu wote wa kitalu. Mwanya huo uipe kisogo kaskazi, maana ndiyo inayokuja na mvua. Neti ya kivuli ya asilimia 30 (kwa saladi hadi 50) itandike juu ya nailoni, si chini yake, ili jua lizuiwe kabla halijaingia ndani. Neti yenye matundu madogo inazuia inzi weupe na kantangaze (nondo wa nyanya), ila inazuia na upepo, ndiyo maana nasisitiza pande zote nne, si madirisha mawili ya kuchungulia.

Tangi la samaki liweke nje ya kitalu, chini ya kibanda cha makuti. Samaki hana kazi na jua, na maji yanayopigwa na jua yanageuka kijani.

Na kama unachotaka ni mchicha, matembele na bamia, huhitaji kitalu nyumba kabisa. Nguzo na neti ya kivuli vinatosha. Hela iliyobaki nunua pampu nzuri.

Nimepata boriti za mikoko kwa bei ya chini. Zinafaa kwa nguzo? – Msomaji, Lindi mjini

Usinunue. Mikoko inalindwa kwa sheria, na kamba tunaowala wanakulia kwenye mizizi yake. Tumia mikaratusi au bomba la chuma. Nguzo za mti usizipake oili chafu ya gari eti kwa ajili ya mchwa, maana mvua ikipiga, ile oili itatafuta njia mpaka kwenye maji ya samaki. Bomba la chuma lipake rangi nyeupe mahali nailoni inapogusa, kwa sababu chuma kikishika moto kinaichoma nailoni na itakatika hapo hapo. Bomba za plastiki za maji, zile za PVC, wengi wanazipenda kwa kuwa zinapinda kirahisi, lakini nazo zinaila nailoni pale zinapogusana. Mabati na bomba zenye zinki zikae kwenye fremu tu. Maji ya samaki yasipite humo.

Kisima changu kina chumvi kidogo. Nitumie? – Msomaji, Mikindani

Perege atavumilia, mboga hazitavumilia. Vuna mvua.

Nimejaza vitanda vya mboga kokoto nyeupe kutoka ufukweni, nzuri na safi. Mbona mchicha unageuka njano? – Msomaji, Mtwara

Kwa sababu hizo si kokoto, ni matumbawe. Chukua moja, ikaushe, ikamulie ndimu. Sogeza sikio: utasikia inachemka, kisha utaona vipovu vidogo vinatoka kwenye vitundu vyake. Hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Ndani ya vitanda vyako inayeyuka hivyo hivyo, polepole, usiku na mchana, na pH ya maji (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) inapanda hadi 8. Hapo madini ya chuma hayanyonyeki hata yakiwepo, ndiyo sababu majani machanga yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Mfumo huu unataka pH ya 6.8 hadi 7.

Toa zote. Najua ni kazi ya siku mbili na mgongo utauma, lakini ukimwaga asidi kila wiki utawaumiza samaki na chokaa haitaisha. Tafuta kokoto za mto au za mwamba mgumu, zijaribu kwa ndimu kabla hujalipa, na ujaze kitanda kina cha sentimita 30. Ndimu moja ingekuokolea gari zima la mawe.

Jirani zangu wote wana mikorosho. Salfa wanayopulizia ina madhara kwenye kitalu? – Msomaji, Tandahimba

Hili nilikuwa nalisubiri, na nashangaa limechelewa. Ushauri tunaoletewa kuhusu vitalu umeandikwa na watu wasiowahi kuona asubuhi ya Julai huku kwetu, mabomba yananguruma na vumbi la njano limetanda mpaka barabarani.

Salfa inakudhuru mara mbili. Kwanza inaila ile kinga ya jua iliyomo kwenye nailoni. Nailoni uliyotarajia ikae miaka mitatu au minne inaanza kuchanika kwenye mikunjo mapema, na wewe unamlaumu muuzaji. Pili, ikiingia kwenye maji bakteria wanaigeuza asidi na pH inashuka taratibu, unashtukia samaki wamekataa kula.

Salfa bado ina nafuu. Zipo dawa za maji wanazopulizia mbu wa mikorosho, hasa za jamii ya pairethroidi. Hizo kwa samaki ni sumu kali, kiasi kidogo tu kinachopeperushwa na upepo kinaweza kumaliza tangi. Kaa na jirani zako kabla ya msimu, mkubaliane wakwambie siku ya kupuliza. Wao wanapuliza alfajiri umande ukiwa majanini, kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo funika tangi na ushushe turubai upande wa shamba lao. Wakimaliza, osha paa kwa maji safi, na mfereji wa paa uwe umechomolewa kwenye pipa la kuvunia. Mvua ya kwanza ya mwaka nayo iache iende zake.

Wewe mwenyewe usipulize dawa yoyote ya duka ndani ya kitalu chako. Hata zile za ukungu zenye shaba, ambazo mtu anaziona za kawaida, zinaua samaki.

Nilifunga mfumo Jumamosi, nikaweka vifaranga 200 wa sato kwenye tangi la lita 1000. Jumatano asubuhi nusu wanaelea. Nimeuziwa wagonjwa? – Msomaji, Masasi

Hapana. Umewaua wewe, na nasema kwa uchungu kwa sababu swali hili nalijibu kila mara na kila mara vifaranga wengine wanakufa. Samaki anatoa amonia, uchafu ulio sumu kwake mwenyewe. Bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitreti, na hiyo ndiyo mboga inakula. Mfumo mpya hauna bakteria hao. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga, na hawana njia ya mkato. Anza na samaki kumi, chakula kidogo sana, upime amonia na nitriti mpaka zote zirudi karibu na sifuri. Ndipo uongeze.

Hesabu yako nayo ilikuwa mbovu. Lita 1000 kwa anayejifunza ni kilo 10 hadi 20 za samaki. Sato 200 wakifika robo kilo ni kilo 50. Weka 40 mpaka 60, uwalishe ukilinganisha na mboga: gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili klorini itoke. Na usiniambie umeme haukatiki kwako: nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla ya samaki. Vifaranga wapya utawapata vituo vya serikali vya viumbe maji, Narunyu huko Lindi au Ruhila Songea.

Tangu Hidaya ipite nina hofu. Nijenge kitalu gani kitakachohimili kimbunga? – Msomaji, Kilwa Masoko

Hakuna kitalu cha kujijengea nyumbani kitakachohimili kimbunga. Lakini hofu yako ni ya haki. Hidaya ilitukata na barabara ya Dar es Salaam Mei 2024, Kenneth mwaka 2019 kiliishukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na wazee wa Lindi walirithishwa habari za kimbunga cha 1952. Jenga kitalu kinachovulika.

Nguzo zizame ardhini walau sentimita 60, na zege. Nailoni usiigongee misumari. Ibane kwa fito za mbao na skurubu, katikati ukiweka kipande cha tyubu ya baiskeli kisiichane. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, watu wawili wanafungua skurubu, wanaikunja nailoni na neti, wanaziingiza ndani. Fremu tupu upepo unapita katikati yake. Tangi liwe na bomba la kumwagia maji yanayozidi, lenye wavu mdomoni, la sivyo samaki watakwenda na mafuriko. Zima pampu ya vitanda, washa ile ya hewa ya betri, na samaki usiwalishe mpaka hali itulie. Bisibisi itundike kwenye nguzo ya mlango, na isitumike kwa kazi nyingine.