Katika logi za seva, anza na walioingia

Anayefungua kwa mara ya kwanza logi ya seva, yaani rekodi ya matukio yake, katika faili la /var/log/auth.log kwenye Debian au Ubuntu, au /var/log/secure kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat, hushtuka kukuta mistari isiyohesabika yenye maneno "Failed password for invalid user admin". Hizo ni roboti zinazozunguka intaneti nzima zikibisha hodi kwenye poti 22, mlango wa SSH wa kuingilia seva kwa mbali, kwa majina kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), test na postgres, bila kujua wala kujali seva ni ya nani. Kwa muda ambao nimekuwa nikitunza seva, nimeona kwamba mistari hiyo ndiyo inayovuta macho zaidi, lakini ndiyo yenye habari ndogo kuliko yote.

Mstari ninaoutafuta kwanza ni wenye neno "Accepted". Kwa kila aliyeingia ninajiuliza: ni mtumiaji gani, saa ngapi, kutoka anwani ipi, na kwa nenosiri au kwa ufunguo (faili la siri linalomthibitisha mtu badala ya nenosiri)? Ikiwa mmeamua seva ipokee funguo pekee, "Accepted password" hata moja inatosha kuacha kazi nyingine zote. Anwani iliyoshindwa mara nyingi kisha ikafaulu inastahili kufuatiliwa papo hapo, kwa kutazama kilichofuata: mtumiaji mpya aliyeundwa, amri zilizopitia sudo (yaani kwa mamlaka ya root), faili la authorized_keys, lenye funguo zinazoruhusiwa, lililobadilishwa, au kazi mpya ndani ya cron, kipanga kazi za kujiendesha. Programu ya fail2ban, inayozuia anwani zinazokosea mara nyingi, husaidia sana, ila huhesabu makosa ya kila anwani peke yake, ilhali wadukuzi wengi hugawanya majaribio kwa mamia ya anwani, kila moja ikijaribu mara chache. Kwa hiyo mimi hupanga makosa kwa jina la mtumiaji pia. Jina halisi la mfanyakazi wenu likijaribiwa kutoka pande nyingi, huyo si mpita njia.

Kwenye logi za tovuti kanuni ni ileile. Ombi la /wp-login.php kwenye tovuti isiyotumia WordPress, likijibiwa 404 (haipo), halina haja ya kukunyima usingizi. Ombi la /.env au /.git/config lililojibiwa 200 (limefaulu) ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mafaili hayo ya mipangilio huweza kubeba manenosiri na siri nyingine. Hata hivyo, zipo tovuti zinazojibu 200 kwa kila kitu, hivyo linganisha ukubwa wa jibu na ule wa ukurasa wa kawaida kabla ya kuhukumu. Ombi la POST, yaani linalotuma data, kwenda kwa faili la .php lililo ndani ya folda ya picha zinazopakiwa na watumiaji hunitia wasiwasi kuliko yote, na kwa bahati mbaya logi ya kawaida haionyeshi kilichobebwa ndani yake. Vilevile, tangu Desemba 2021, udhaifu wa Log4Shell katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi, ulipotangazwa, maandishi "${jndi:" yameonekana sana katika logi; yanathibitisha jaribio, wala hayathibitishi kufaulu. Ikiwa unatumia Log4j, kagua toleo lake na uangalie kama seva ilifungua miunganisho ya kwenda nje wakati huo.

Yote haya yanategemea logi yenyewe kuwa salama, kwani aliyepata mamlaka ya root anaweza kuifuta au kuihariri. Tuma nakala kwenye mashine nyingine kwa rsyslog, hakikisha saa za mashine zote zinalingana kwa NTP, na utilie shaka pengo la saa kadhaa katika logi ambayo kwa kawaida hainyamazi.

Ukikuta "Accepted" ambayo hakuna anayeitambua, usikimbilie kuwasha upya seva, kwa kuwa utapoteza ushahidi ulio kwenye kumbukumbu yake ya muda. Itenge na mtandao, nakili logi na diski, badilisha funguo na manenosiri yote yaliyokuwa humo kwa kutumia mashine nyingine, kisha ijenge seva upya kuanzia mwanzo.