Chokea kwa mtoto: usikitumbue

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kwa nini mwanao anatokwa na chokea, yaani kijipu cha ukingoni mwa jicho, mara kwa mara, na kama ukitumbue. Chokea husababishwa na bakteria wanaoingia kwenye tezi ndogo iliyo kwenye shina la ukope, hasa mtoto anapopikicha macho kwa mikono yenye vumbi la kiangazi. Tafadhali usikiminye, kwani maambukizi yanaweza kuenea. Chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu uliyoyajaribu kwanza kwenye mkono wako, ukikamue, kisha ukiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku, ukikichovya tena kila kinapopoa. Uvimbe ukienea, akipata homa au asipoona vizuri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.