Maswali 50, dakika 12: kabla hujaufanya mtihani wa Wonderlic

Ukiishi Dallas huwezi kuukwepa mpira wa Kimarekani, na ukiomba kazi hapa unaweza kukutana na mtihani uleule waliokuwa wakipewa wachezaji wake. Unaitwa Wonderlic, mtihani wa kupima akili na wepesi wa kufikiri: maswali 50, dakika 12, bila kikokotoo. Tom Landry, aliyekuwa kocha wa timu ya Dallas Cowboys, ni miongoni mwa waliouingiza mpirani. Kwa miaka mingi kijana aliyekwenda Indianapolis kupimwa mbio na nguvu kabla ya drafti (siku timu zinapochagua wachezaji wapya) ya NFL, ligi kuu ya mpira huo, aliwekewa pia karatasi hiyo mezani. Mwaka 2022 ligi iliuondoa kwenye vipimo hivyo. Waajiri bado wanao. Mimi niliufanya nilipoomba kazi ya ghala, na siku hizi vijana wa jumuiya yetu wakiitwa kwenye usaili hunipigia simu kwanza.

Ninachowaambia ni kuiheshimu saa. Piga hesabu: kila swali lina sekunde 14 na ushee. Mengi ya maswali ni ya shule ya msingi. Penseli 3 ni senti 45, je, penseli 8? Namba gani inafuata baada ya 81, 27, 9, 3? Ukipewa nusu saa na kikombe cha chai, hayakutoi jasho. Balaa ni kwamba swali linalokula dakika nzima lina alama moja tu, sawa na lile la penseli, na kadiri unavyosonga mbele yanazidi kuwa magumu. Sisi tuliosoma kwetu kabla ya kuja Marekani tulizoeshwa kuonyesha njia, kuhakiki jibu, kutoruka kitu. Hapa tabia hiyo itakuangusha. Swali likikukwamisha, kisia, songa. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache hata swali moja wazi. Sekunde za mwisho zitumie kujaza yote yaliyobaki. Wala usishtuke muda ukiisha hujafika mwisho, wanaomaliza ni wachache mno.

Hesabu hazitusumbui sana wengi wetu. Kiingereza ndicho kinachotuponza, hasa pale unapopewa methali zao mbili uamue kama zina maana moja. Unaweza kuwa bingwa wa methali kwenye vikao vya harusi na bado ukakodoa macho. Basi soma methali zao kidogo kidogo kabla ya siku yenyewe, na ujizoeze mara kadhaa ukiwa umewasha kipima muda cha simu.

Ukipata alama ndogo? Hapo ndipo huwatajia wachezaji. Wastani wa watu wengi ni kama 20. Pat McInally, aliyetoka Harvard, alipata 50 zote mwaka 1975, akawa mchezaji mzuri wa timu ya Cincinnati Bengals. Dan Marino inasemekana alipata 15, na leo yumo katika jumba la magwiji. Lamar Jackson alitajwa kuwa na 13, naye amekuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2019 na wa 2023. Watafiti waliofuatilia wachezaji 762, waliochapisha kazi yao mwaka 2009, hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama hizo na uchezaji. Baadaye ukaja mtihani mwingine wa kuwapima wachezaji, S2, unaofanywa kwenye kompyuta. Mwaka 2023 zikavuja habari kwamba mchezaji kijana, C.J. Stroud, ameuvurunda, msimu huohuo akawa mchezaji bora chipukizi wa safu ya ushambuliaji.

Alama hizo zilipaswa kuwa siri, lakini karibu kila mwaka zilivuja, na kijana wa miaka 21 akawa kichekesho cha nchi nzima. Mimi naona ni ukatili. Kwa hiyo kabla hujaketi, muulize mwajiri nani ataona matokeo yako na yatatunzwa kwa muda gani.

Na kama una tatizo la kusoma, tuseme disleksia, usinyamaze kwa aibu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inawataka waajiri wafanye marekebisho yanayofaa, na muda wa ziada ni mojawapo. Ila uombe mapema, tena kwa barua pepe, ili pawepo na maandishi.