Barua kwa mwanangu: gari la mjomba wako lisilo na funguo wala hati

Tanga, Jumatano jioni

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema ile Camry ya mwaka 2003 ambayo mjomba wako aliiacha uani kwenu Oakland, California, alipohamia Pangani moja kwa moja imelala pale miaka sita, matairi yamekaa chini, funguo hazijulikani ziliko, kadi hamjaiona, na mwenye nyumba ameanza kunung'unika. Ungependa kulitoa gari hilo kwa shirika la hisani badala ya kuliuza skrepa, na unauliza kama linapokelewa bila funguo wala hati. Nitakujibu kama baba, lakini pia kama mtu aliyeendesha gari la kuvuta magari mabovu katika mji huo huo kwa miaka 14.

Nianze na lililo jepesi. Funguo haziwasumbui sana mashirika, kwa kuwa gari la aina hiyo haliendeshwi tena. Huvutwa hadi yadi ya mnada na kununuliwa na wauza vipuri au wasagaji chuma. Anayesumbuka ni dereva anayekuja kulichukua. Gari la otomatiki lililoegeshwa kwenye P kwa kawaida halitoki kwenye gia hiyo bila ufunguo, na usukani ukishajifunga, magurudumu ya mbele hubaki yameelekea kule kule alikoyaacha mwenyewe. Nakumbuka siku moja nilitumwa kuchukua gari lililobanwa kati ya ukuta na mlimau, magurudumu yamekunjwa kuelekea ukutani, matairi hayana hata pumzi. Ilibidi niingize vigari vidogo vya magurudumu manne chini ya tairi moja, kisha la pili, nikiinua kwa mtaimbo kidogo kidogo, huku bibi mwenye nyumba akinisimamia kwa hofu ya mlimau wake. Kazi ya dakika kumi ikamaliza saa moja na nusu. Kwa hiyo utakapopiga simu, sema mapema kwamba funguo hakuna, eleza magurudumu yameelekea wapi, geti lina upana gani, na uazime pampu uyajaze matairi upepo siku moja kabla. Dereva asipoambiwa huja na gari lisilofaa, akatazama, akaondoka, nanyi mkaanza upya kupanga tarehe.

Kuchonga funguo mpya kwa ajili ya gari linalokwenda mnadani ni kutupa fedha. Hata hivyo, mwite fundi wa funguo afungue mlango tu, kwa sababu namfahamu shemeji yangu: chini ya viti vile hamkosekani barua za benki, risiti na pengine hata zile funguo zenyewe. Fundi mwaminifu atakudai uthibitisho kwamba una idhini ya mwenye gari, naye usimkasirikie.

Sasa hati, ambayo ndiyo shughuli yenyewe. Sisi huku tumezoea mtu kununua gari na kulitembelea miaka mingi kwa kadi yenye jina la mwenye gari wa zamani, akisema atabadilisha mambo yakikaa sawa. Huko ulipo hati ndiyo inayosema nani ana haki ya kulitoa gari, na jina lililo kwenye kumbukumbu za DMV, idara ya magari ya jimbo, ni la mjomba wako. Kukaa kwenye uwanja wako miaka sita hakujalifanya kuwa lako. Karatasi kupotea ni tatizo dogo. Tatizo kubwa lingekuwa kulitoa sadaka gari la mtu mwingine kwa sahihi yako. Utakutana na matangazo yanayosema hati si lazima. Ukiyasoma vizuri utaona wanamaanisha kwamba watamsaidia mwenye gari kujaza fomu ya hati iliyopotea, si kwamba yeyote mwenye gari uani kwake anaweza kuligawa.

Fomu yenyewe katika jimbo la California inaitwa REG 227. Mwenye gari huandika humo kwamba hati imepotea, na kwenye fomu hiyo hiyo huweka sahihi ya kuachia umiliki, ili shirika lishughulikie mengine. Utahitaji namba ya chesisi, ambayo huna haja ya kufungua mlango kuipata: simama nje upande wa dereva, chungulia kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, utaona kibati juu ya dashibodi chenye herufi na tarakimu 17. Ukiona kitu kama O, ujue ni sifuri, kwa kuwa herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizo. Ipige picha pia, kwa maana vumbi la miaka sita hudanganya macho. Ujaze kwa wino, na ukikosea chukua fomu nyingine. Mambo ya kufutafuta na kukwangua huwafanya wale makarani wakurudishe nyumbani.

Kuna mambo mawili ambayo lazima tumuulize mjomba wako kabla ya karatasi kusafiri. La kwanza ni kama gari lilisajiliwa kwa jina lake peke yake au pamoja na la mkewe wa wakati ule. Kama majina ni mawili na kati yake kuna neno la Kiingereza lenye maana ya «au», sahihi ya mmoja inatosha. Kama ni lenye maana ya «na», au kimkwaju (/) tu, wote wawili lazima watie sahihi, na hapo, mwanangu, itabidi tutafute mtu mwenye ulimi mtamu kuliko wangu. La pili ni mkopo. Najua alilinunua kwa mkopo na najua alilipa hadi senti ya mwisho, lakini kama benki haikuondolewa kwenye kumbukumbu za DMV, bado inahesabiwa kuwa mmiliki wa kisheria, na lazima nayo ijaze sehemu yake ya kuachia gari, sahihi hiyo ikithibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka. Ya mjomba wako haihitaji uthibitisho huo. Tumshukuru Mungu kwamba yu hai. Angekuwa ametangulia, warithi wangelazimika kungoja siku 40 na kujaza fomu nyingine, REG 5.

Umegusia pia nafuu ya kodi. Usiiweke moyoni. Kwanza, nafuu hiyo ni ya mwenye gari, na mjomba wako hana tena kodi anayolipa Marekani. Kulihamishia kwako kwanza ili uipate wewe ni kujitafutia ada za uhamisho na madeni ya usajili wa miaka yote hiyo. Pili, tangu mwaka 2005 mtoaji haruhusiwi kujikadiria thamani anavyotaka. Akidai zaidi ya dola 500, kwa kawaida mwisho wake ni fedha zilizopatikana gari lilipouzwa, kama zilivyoandikwa kwenye fomu 1098-C ambayo shirika humpa. Isipokuwa shirika limelitumia gari lenyewe kwa kazi zake, au limelitengeneza vya kutosha, au limempa mhitaji kwa bei ya chini. Tatu, ni lazima uorodheshe makato yako moja moja badala ya kuchukua kato la kawaida, na orodha hiyo ina faida tu ikilizidi kato hilo, ambalo kwa mwaka 2025 kwa mtu asiye na mwenzi lilikuwa dola 15,750. Gari bovu la 2003 halikufikishi huko. Litoe kwa nia ya kutoa, basi. Ila uliza shirika swali moja bila haya: kwa kila gari, fedha ngapi huwafikia walengwa baada ya kampuni ya mnada kuchukua chake? Wengine hujibu mara moja. Wengine huanza kukueleza historia yao, na hao wapite.

Siku gari litakapoondoka, usilale bila kuijulisha DMV kwamba limetoka mikononi mwa mjomba wako. Taarifa hiyo ni REG 138, hutolewa ndani ya siku tano, nayo hujazwa kwa intaneti kwa namba ya gari na tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi. Mimi niliwahi kumpa mtu pikapu langu nikadhani yamekwisha. Miezi minne baadaye bahasha zikaanza kuingia nyumbani, faini juu ya faini, gari limetelekezwa chini ya daraja la barabara kuu na jina bado ni langu. Mama yako alizipanga mezani kama karata, hakusema neno, akaenda kulala.

Basi fanya hivi. Jumamosi nakwenda Pangani kwa harusi, na mjomba wako atakuwepo. Nitumie kabla ya Ijumaa adhuhuri ile fomu ikiwa imejazwa namba ya chesisi, aina ya gari na mwaka, pamoja na picha ya kibati, nami nitaichapisha hapa mjini. Akishatia sahihi, nitakutumia karatasi halisi kwa DHL siku ya Jumatatu. Muulize shirika kama wanataka pia nakala ya kitambulisho chake, ili niipige picha hapo hapo, kwa kuwa akisharudi shambani simu yake haipatikani.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama mlimau wa uani bado unazaa.

Ni mimi baba yako