Nilivyotoa pawa windo kwenye pikapu nikaweka vioo vya kuzungusha, na kwa nini loki sikuzibadilisha zote

Mkuu umeuliza kama inawezekana kutoa pawa windo (vioo vya umeme) na senta loki (loki za umeme zinazofunga milango yote kwa pamoja) kwenye pikapu ukaweka vya mkono, na kama ni kazi ya kujifanyia mwenyewe. Inawezekana, nimefanya kwenye yangu ya milango miwili na mwaka wa tatu huu vioo havijanisumbua. Ila ngoja nieleze kwa kirefu, maana kuna sehemu niliumia na kuna sehemu nilirudia kazi.

Kabla hujanunua spea yoyote hakikisha kwanza kama kweli mota ndo imekufa. Fungua mlango, pale kwenye bawaba kuna mpira kama bomba unaopitisha waya kutoka kwenye bodi la gari kuingia mlangoni, uchomoe uchungulie ndani, zile waya zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa na baada ya miaka zinakatikia humo humo wakati kwa nje huoni kitu. Nimeona watu wanatupa mota nzima kwa ajili ya waya mmoja. Cha pili ni zile raba za pembeni ambamo kioo kinateleza, zikikauka na kujaa vumbi kioo kinakuwa kizito, mota inaungua kwa kuzidiwa, unaweka mpya nayo inaungua. Raba hizo zitakutesa hata ukiweka mashine ya mkono (mashine ndo ile inayopandisha na kushusha kioo ndani ya mlango), utazungusha kwa nguvu mpaka meno yaishe. Zisafishe, zikauke, piga silikoni ya spreyi. Grisi hapana, inashika vumbi inageuka msasa.

Mimi nilishabadilisha mota mara mbili, gari yenyewe inashinda kwenye vumbi na matope, halafu siku moja kioo cha dereva kikagoma kikiwa chini na mvua inanyesha na safari bado ndefu. Nikasema inatosha.

Kwenye spea, usinunue mashine ya kioo peke yake. Tafuta pikapu ya aina ile ile na toleo lile lile, ile ya daraja la chini iliyotoka kiwandani na vioo vya mkono, uchukue vyote: mashine ya kushoto na ya kulia (haziingiliani), mikono ya kuzungushia, vile visahani vya plastiki vinavyokaa nyuma ya mkono, klipu zake, na kava za milango. Kava ndo wengi wanasahau. La pawa windo halina tundu la kupitisha mkono, na pale swichi ilipokuwa panabaki shimo, utaanza kutoboa na kuziba na mwisho linakuwa baya. Halafu linganisha bati la ndani la mlango wako na la hiyo gari, kwangu matundu ya bolti za mashine ya mkono yalikuwepo tayari, lakini sio kila gari iko hivyo, kwa hiyo fungua kava lako uangalie kabla hujatoa hela.

Kufungua sio kazi ngumu. Kama mota bado inafanya kazi, pandisha kioo mpaka juu kwanza, ndo utoe waya wa negativu kwenye betri, na kama gari ina eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) subiri dakika kadhaa ndo uendelee, maana gari nyingine zina sensa yake humo mlangoni. Skrubu zimefichwa nyuma ya mshikio na kwenye hendeli ya kufungulia, zikiisha unabandua klipu moja moja. Nyuma ya kava utakuta nailoni imegandishwa na gundi nyeusi, itoe taratibu uirudishe kama ilivyokuwa. Mimi niliichana nikaona haina maana, mvua ya kwanza maji yakaingia mpaka chini ya kapeti, kumbe mlangoni maji huwa yanaingia kawaida na hiyo nailoni ndo inayoyarudisha yatokee kwenye matundu ya chini.

Sasa hapa nisome kwa makini. Kioo kiwe juu kabisa, ukibandike kwa tepu imara ipite juu ya fremu, upande wa ndani na wa nje, ndo ufungue mashine. Na kama mashine yako ni ya mikono inayopishana kama mkasi (sio ile ya kebo), ina springi nzito inayosaidia kubeba uzito wa kioo, na kinachoizuia ni meno ya mota. Ukifungua mota kabla hujaifunga ile mikono, springi inaachia kwa ghafla na lile bati lenye meno linazunguka kama panga. Mimi nilikuwa sijui, lilinikata vidole viwili mpaka nikaenda kushonwa. Itoe mashine mlangoni ikiwa na mota yake hivyo hivyo, uiweke pembeni, usiitenganishe, huna kazi nayo tena.

Umeme: usikate waya. Chomoa soketi, funga tepu, zikaze kwa zipu tai zisigonge bati wala zisinaswe na kioo kikishuka. Waya wa moto ukiachwa wazi ndani ya mlango ukigusa bati unaunguza fyuzi, na fyuzi hiyo inaweza kuwa inalisha na vitu vingine. Kumbuka waya za spika, za saitimira (vioo vya pembeni), na kwenye baadhi ya gari za swichi ya taa ya mlango, zinapita humo humo.

Kwenye loki ushauri wangu ni tofauti. Usihangaike kutafuta vitasa vya mkono. Kama kimota cha loki kimekaa peke yake na kimeunganishwa na kifimbo, toa kimota, kifimbo kinaendelea kufanya kazi kwa mkono. Kama kimejengwa ndani ya kitasa chenyewe, chomoa soketi tu uone, changu kinafunga na kufungua vizuri, kizito kidogo basi. Ila angalia mambo mawili kabla. Mlango wa abiria una tundu la funguo? Wangu haukuwa nalo, kwa hiyo lazima niuloki kwa ndani kabla sijashuka, na kuufungua lazima niingie upande wangu ninyooshe mkono. La pili ni alamu, yangu ilikuwa inapata taarifa kutoka kwenye kitasa cha dereva, nilipochomoa ikawa kila nikifungua kwa funguo inapiga kelele mpaka fundi umeme alipoitoa. Kwa hiyo kama senta loki yako bado nzima, iache, badilisha vioo peke yake.

Na anza na mlango wa abiria. Mimi nilianza na wa dereva, nikachomoa swichi kuu, kioo cha abiria nacho kikafa kikiwa nusu wakati mota yake haina shida yoyote, maana kwenye gari nyingi umeme wa kioo cha abiria unapitia kwenye swichi ya dereva. Nililala na gari wazi siku hiyo. Ukianza na abiria, wa dereva unabaki unafanya kazi mpaka utakapokuwa tayari kuufungua.