Mkonge ndani ya epoksi: kwa nini kipande kinabaki laini

Umeuliza kwa nini epoksi ile ile (gundi ya maji inayokaza ikichanganywa na kemikali iitwayo kigumishi) hukaza vizuri kwenye nyuzi za kioo, lakini kwenye mkonge inabaki laini yenye vipovu. Anza na unyevu. Mkonge hunyonya maji hewani, mara nyingi karibu asilimia 10 ya uzito wake, na maji hayo huvuruga kigumishi na kudhoofisha mshikamano. Kausha nyuzi kwa 105°C hadi uzito usishuke tena, kisha zipake epoksi papo hapo.

Tena, nyuzi zikiwa nyingi epoksi ni kidogo. Joto linalotolewa epoksi inapoungana na kigumishi hupungua na ukazaji huchelewa. Tafadhali usiongeze kigumishi! Kinachozidi hubaki bila kuungana na kulainisha kipande. Pima uwiano wa epoksi na kigumishi kwa mizani, umalizie kukaza kipande kwa 60°C saa kadhaa, maelekezo ya mtengenezaji yakiruhusu.